Yuniti Zisizo na Kazi

Kuanzia 2021 mpaka katikati ya 2023 nilikuwa nikiandika insha za wanafunzi wa Marekani. Mwanzo niliandikia chumbani Nairobi, halafu nikaandikia hapa Garsen, nyuma ya duka la binamu yangu la M-Pesa, kwa kompyuta ya mtumba ambayo betri yake ilikuwa imekufa. Stima ikipotea, kazi nayo inapotea. Akaunti haikuwa yangu, niliikodi kwa jamaa mmoja aliyekuwa akikata nusu ya malipo. Ukurasa mmoja ni maneno 275, na kwa kila ukurasa mimi nilibaki na shilingi mia tatu. Vijana wengi wa Kenya wanaijua kazi hii. Wachache wanaitaja mbele ya wazazi wao.

Nilidhani nitaandika mambo ya uuguzi na biashara. Kumbe nyingi zilikuwa za yale masomo ambayo mwanafunzi analazimishwa kuyasoma hata kama amekuja chuoni kusomea uhasibu: falsafa, theolojia, historia ya dunia, maadili. Kulikuwa na chuo kimoja cha Kikatoliki ambacho kazi zake zilirudi kila muhula, na silabasi zake zote zilianza na ukurasa wa malengo. Mwanafunzi atafikiri kwa kina. Ataandika kwa ufasaha. Atatafuta ukweli. Atatambua wajibu wake kwa maskini. Naamini niliyasoma malengo hayo mara nyingi kuliko wale niliowaandikia.

Na niliyajua tangu zamani, kwa sababu mimi mwenyewe niliacha chuo cha Kikatoliki nikiwa nimemaliza masomo ya aina hiyo na karibu hakuna kingine.

Kwa msomaji ambaye hakupitia huko: chuo kikuu cha Kenya kina yuniti za fani yako, na kina yuniti za kila mtu. Hizi za kila mtu tunaziita komon. Chuo cha serikali kitakupa stadi za mawasiliano, ukimwi, masomo ya maendeleo. Chuo cha Kikatoliki kitaongezea mantiki, falsafa, maadili, dini za Kiafrika na mafundisho ya Kanisa kuhusu jamii. Nyingi zinapangwa mwaka wa kwanza na wa pili. Mimi Mwislamu wa Kipokomo nilipelekwa huko na serikali, ambayo tangu 2016 ilikuwa ikipanga wanafunzi hata kwenye vyuo binafsi, kusomea ununuzi na ugavi. Babangu alipoiona karatasi ya karo aliisoma yuniti moja moja kwa kidole, kisha akaniuliza, "Hii Mantiki ni ya kazi gani?" Baba analima mpunga na maembe kando ya Tana. Hapendi kununua kitu ambacho hajaonyeshwa kinavunwa vipi.

Swali lake ni la zamani kuliko yeye, na pwani hii imewahi kulijibu vibaya.

Mwaka 1614 Sultani Hasan wa Mombasa, wa ukoo wa Malindi, aligombana na kapteni wa Kireno wa Fort Jesus, akakimbilia bara, akauawa huko. Mwanawe Yusuf, mtoto wa miaka kama saba, alipelekwa Goa kulelewa na mapadri wa shirika la Mtakatifu Augustino. Walimbatiza, wakampa jina Dom Jerónimo Chingulia, wakamfunza dini na Kireno. Baadaye, kwenye meli za kivita za Wareno, alijifunza mizinga. Lengo la elimu ile halikufichwa: walitaka mfalme Mkristo wa Mombasa. Mwaka 1626 walimrudisha na kumweka kwenye kiti cha babake. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akaurudia Uislamu na jina lake la Yusuf. Katika siku zilizofuata Wakristo wengi waliuawa, Wareno na Waafrika, wanawake kwa watoto, na Kanisa linawakumbuka kama mashahidi wa Mombasa. Wareno walikuja 1632 kumng'oa, wakashindwa. Baadaye aliondoka mwenyewe, akaishi kama haramia baharini, akafa 1638.

Inasimuliwa kwamba chokochoko ilianza pale alipoonekana akisali Kiislamu kwenye kaburi la babake. Simsifu, damu ile ilikuwa ya watu wasio na hatia. Ila kila nikisoma ukurasa wa malengo ya kozi namkumbuka. Hao mapadri walijua walichotaka mwanafunzi awe, na pengine hakuna hata mmoja aliyewahi kuzungumza naye juu ya lile kaburi.

Jibu la pili lilitolewa Dublin, na hili ndilo vyuo vya Kikatoliki vinalitaja mpaka leo. Mwaka 1852 padri Mwingereza, John Henry Newman, alikuwa Ayalandi akieleza chuo kikuu kipya cha Kikatoliki kitakuwa cha nini. Alisema chuo kikuu hakipo kwa ajili ya kutengeneza fundi, wala hata kutengeneza mtawa. Kipo ili akili ifunguke, ione maarifa yanavyoshikana, na theolojia isifukuzwe mezani kwa sababu bila yake picha ina shimo. Akili ikifunguka hivyo hiyo yenyewe ni faida, hata kama haijaleta mkate. Sasa angalia alikuwa akiyasema wapi. Ayalandi ilikuwa ndiyo kwanza inatoka kwenye njaa ya viazi, 1845 mpaka 1849, njaa iliyoua watu kama milioni moja. Chuo kilifunguliwa 1854 bila kibali cha kutoa shahada. Sehemu iliyostawi zaidi ilikuwa shule ya udaktari, iliyoanza 1855, kwa sababu mafunzo yake yalitambuliwa na watu wakapata kazi. Newman aliondoka 1858. Nikisoma habari hii namwona babangu pale ukumbini Dublin, mstari wa nyuma, amekunja mikono, anangoja ukumbi utulie ili aulize.

Miaka mia baadaye askofu mkuu wa Nairobi alikuwa Mwayalandi, John McCarthy. Lakini elimu ya Newman haikuja nao moja kwa moja. Wamisionari walianza na kitu kingine kabisa. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipofungua kijiji chao Bagamoyo 1868, kwa ajili ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani, wachache waliandaliwa kwa upadri na wengi wakapewa jembe, msumeno na ujenzi. Huku kwetu walikuja Waprotestanti. Wamethodisti walikuwa Golbanti, ambapo 1886 John Houghton na mkewe waliuawa na wavamizi wa Kimaasai, na mwaka 1887 Wajerumani wa misheni ya Neukirchen wakaanza Ngao, mwendo mfupi tu kutoka hapa nilipo. Hao Wajerumani walijifunza Kipokomo, wakakiandika, wakatafsiri Agano Jipya. Bibi yangu, ingawa aliolewa nyumba ya Waislamu, bado anaimba tenzi za Ngao akipepeta mchele.

Halafu mwaka 1924 ikaja tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, James Aggrey wa Gold Coast akiwa mmoja wa wajumbe. Ilipita Afrika Mashariki ikapendekeza elimu inayomfaa Mwafrika: kilimo, afya, ufundi, maisha ya kijijini. Ukiisoma haraka utaona inamuunga mkono babangu. Lakini walowezi waliipenda sana, na hilo lingekutia shaka. Mtoto wa mlowezi hakuambiwa kwamba Kilatini hakimfai. Wazazi wa Kikuyu waliolijua hilo walijenga shule zao huru tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, na hawakuzijenga ili wafundishwe kushika jembe. Jembe walikuwa nalo.

Hii ndiyo sehemu ambayo ilinichukua muda kuielewa. Yale masomo tunayoyaita ya bure, yanayojaza ratiba, ndiyo hasa Mwafrika aliyonyimwa kwa makusudi. Mtu anayekupangia kazi utakayofanya maisha yako yote hana haja ukajua mantiki.

Kwa hiyo maaskofu wa Afrika Mashariki walipoanzisha taasisi yao ya juu Nairobi 1984, chini ya umoja wao wa AMECEA, walikuwa na madeni mawili ya historia, la Bagamoyo na la Dublin. Ilianza kama taasisi ya theolojia. Papa Yohane Paulo wa Pili aliizindua rasmi tarehe 18 Agosti 1985, alipokuja kwenye kongamano la Ekaristi, na mwaka 1992 ikapata hati ya serikali ikawa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki. Tanzania nayo, kituo cha mafunzo cha Nyegezi, Mwanza, kilichoanza 1960, kikaja kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998. Walei waliingia, wasichana wakaingia, na sisi wa dini nyingine tukaingia. Hapo swali la malengo likawa gumu. Kumfundisha mseminari falsafa hakuhitaji maelezo. Kumfundisha falsafa msichana wa Kisii aliyekuja kusomea uhasibu kunahitaji.

Maelezo yaliandikwa Roma. Agosti 1990 Papa huyo huyo alitoa waraka wa vyuo vikuu vya Kikatoliki, Ex Corde Ecclesiae. Nimeusoma wote, kwanza kwa ajili ya mtihani wangu, baadaye kwa ajili ya mitihani ya watu. Unataka maarifa yaunganishwe badala ya kila idara kujifungia. Unataka imani na akili vizungumze. Unataka kila fani ifundishwe pamoja na maadili yake, mhasibu ajue uhasibu na pia ajue nini usiibe. Na unasema waziwazi kwamba dhamiri ya kila mtu iheshimiwe. Hilo la mwisho nililipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Katika mwaka na nusu wa kukaa darasani hakuna aliyeniambia nifunge mikono kuomba.

Wasije wakadhani ni Wakatoliki peke yao. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga jeshi la kujenga taifa, na Nyerere, Mkatoliki na mwalimu wa zamani wa Pugu, aliwafukuza zaidi ya mia tatu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 chuo kikaanzisha kozi ya pamoja kwa wote, iliyokuja kuwa Masomo ya Maendeleo. Hiyo nayo ni komon, imani tu ndiyo tofauti.

Sasa nirudi ukumbini kwangu, kwa sababu waraka ni waraka na darasa ni darasa.

Somo la maadili tulilisoma watu kama mia tatu kwenye ukumbi wa mia mbili. Padri aliyetufundisha alikuwa mzee mpole mwenye sauti ndogo, wa nyuma hawakumsikia. Alitugawa wawili wawili kwa alfabeti na kutupa kazi: chagueni mgogoro ambao kila upande una haki fulani, muueleze. Mwenzangu kwenye orodha, kwa sababu tu herufi za majina yetu zinafuatana, alikuwa kijana Muorma kutoka delta. Yeye alisomea kompyuta. Bila komon tusingekutana mpaka tunahitimu.

Msomaji asiye wa huku anahitaji kujua kitu hapa. Tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Riketa, cha Waorma, kilivamiwa alfajiri na zaidi ya watu hamsini wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikawa zamu ya Chamwanamuma, halafu Kilelengwani. Walipokuja kuhesabu, waliokufa walipita mia moja, Wapokomo na Waorma, na polisi ndani yake. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tulilala shuleni wiki mbili. Yeye, nilikuja kujua, alilala wapi sitaandika, ni habari yake.

Wiki mbili za kwanza tulisalimiana tu. Wiki ya tatu akasema, "Tuandike malka ama tutafute kitu cha Ulaya?" Malka ni njia ya mifugo kushuka mtoni. Mpokomo analima ukingo wote, Muorma anahitaji ng'ombe wapite wanywe. Vita vingi vya huku vinaanzia kwenye malka iliyolimwa au shamba lililoliwa. Nikasema tuandike malka. Kila mtu aliandika nusu yake, kisha tukabadilishana.

Akaniletea karatasi yangu na duara moja la kalamu. Nilikuwa nimeandika kwamba ukingo ni wetu kwa sababu tumeulima tangu enzi za babu, na ukurasa uliofuata nikaandika kwamba babu waliulima kwa sababu ulikuwa wetu. "Hii tulifundishwa mwezi uliopita," akasema, "hoja inazunguka inajing'ata mkia." Nilikasirika. Nilitafuta kosa kwake usiku kucha, nikalipata: alikuwa amesema mto ni wa Mungu na hauna mwenyewe, halafu akataja malka kwa jina la ukoo wake. Tukafuta vyote viwili. Kilichobaki kilikuwa ukurasa mmoja na nusu, badala ya nne zilizotakiwa, na padri akatupa alama ya B na kuandika kwamba ni fupi.

Hatukuwa marafiki, wala sitaki kusema hadithi hiyo. Lakini sijawahi kukaa tena na Muorma wa rika langu tukazungumza mto kwa saa nzima bila mtu mzima kutuchunga. Na babangu, nilipomsimulia ile hoja inayojing'ata mkia, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Huyo kijana ni wa ukoo gani?" Sijui kama hilo linahesabika kuwa mavuno.

Lawama yangu kwa komon haihusu faida yake, basi. Ni mambo mawili mengine. La kwanza, zimejaa dunia na hazina Tana. Tulisoma Wagiriki, tukasoma Aquinas, tukafika kwenye utamaduni wa Kiafrika tukapata Wakikuyu na Wayoruba. Siku moja mhadhiri aliuliza darasa wimbo wa taifa la Kenya ulitoka wapi. Kimya. Nikainua mkono nikasema ni wimbo wa kubembeleza mtoto, wa Wapokomo, uliotolewa na mzee Meza Moroa Galana, na kamati ya 1963 ikautilia maneno mapya. Watu walicheka, walidhani natania. Mhadhiri akatafuta kwenye simu yake, akaomba radhi, tukaendelea na mada. Maskini Newman alitaka maarifa yote yashikane, sisi tulikuwa tumeshikwa na ya wengine.

La pili ni la pesa, na hili sijaona waraka wowote unaoligusa. Mpunga wa delta unategemea mto ufurike. Mwisho wa 2020 mvua ilikataa, ikakataa tena, misimu mitano mfululizo. Mto haukupanda, shamba halikupandwa. Serikali ililipa sehemu yake, yetu ikabaki deni, na mwanzoni mwa 2022 nikashuka Minjila na begi langu. Nina yuniti kumi na tisa. Kumi na mbili ni komon. Karatasi ya matokeo imeshikiliwa mpaka deni liishe.

Hesabu hiyo si yangu peke yangu. Kwa kuwa komon zinawekwa mwanzo, na kwa kuwa wanaoanguka njiani wanaanguka mwanzo, sisi tulioacha ndio wahitimu halisi wa elimu ya jumla. Aliyemaliza ana fani. Mimi nina malengo. Marekani mtu akimaliza miaka miwili ya masomo kama haya kwenye chuo cha jamii anapewa shahada ndogo inayotambulika, anaweza kuishika mkononi. Huku kama yuniti hizi ni muhimu kwa utu wa mtu, kama tunavyoambiwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kila silabasi, basi chuo kingeweza kumpa mwenye kuzimaliza kipande cha karatasi, hata cha rangi ya kijivu.

Badala yake nikaziuza. Ndiyo namna nyepesi ya kusema nilichofanya. Mantiki ya yule padri mwenye sauti ndogo ilinipa uwezo wa kuandika kurasa nane kuhusu Aquinas kwa usiku mmoja, na mtu wa mbali akapata A. Niliandika insha juu ya uaminifu, mara tatu, kwa watu watatu tofauti. Ya tatu nilitaka kuikataa. Nilikaa na simu mkononi nikafikiria, kisha mdogo wangu wa kike akapiga kutoka shule ya bweni kusema wamefukuzwa wa karo. Nikaiandika. Katikati ya 2023 kazi zikakauka, wanafunzi wa Marekani wamepata mashine ya kuwaandikia bei ya chini zaidi. Sikuwa na wa kumlalamikia.

Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne kwa insha hizo. Mwaka huu ameitwa chuo, uuguzi, na barua ina orodha ya yuniti za muhula wa kwanza. Ya pili kutoka juu ni Maadili. Jana jioni alikuja dukani akaiweka mbele yangu, akaniuliza kama ni ngumu na kama ninaweza kumsaidia zile karatasi za kuandika.

Nimemwambia ni ngumu. Nitamfundisha, lakini ataandika mwenyewe.